Paa lililotabiriwa kuanguka: Kanisa la Mkunazini na jasho la watu wa bara

Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka mafundi wakiwa kazini kuikarabati. Watu wawili walifariki. Jumba hilo la Sultani Barghash bin Said lilikuwa limesimama mbele ya bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu mwaka 1883, na kwa miaka mingi hapakuwa na jengo lililolizidi kimo.

Siku hiyohiyo jengo jingine la zama zilezile, mwendo mfupi kutoka hapo, lilikuwa linatimiza miaka 147. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, Mkunazini, liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Lilipokuwa linajengwa, watu wengi wa mjini, Wazungu wakiwemo, walisema paa lake litaanguka. Halikushikwa na boriti. Lilimwagwa kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, likapindwa kuwa tao moja refu kutoka upande wa mlangoni mpaka madhabahuni, kama mtumbwi uliofunikwa kifudifudi. Liko juu hadi leo.

Msomaji wa Kahama au Geita anaweza kuuliza habari hizi za Unguja zinamhusu nini. Sisi wa Buzwagi tumezoea kuandikwa magazetini kwa sababu ya dhahabu: mkataba uliozua mabishano bungeni mwaka 2007, mgodi ulioanza kuzalisha mwaka 2009, mgodi uliofungwa mwaka 2021. Wengine huhesabu historia yetu kuanzia hapo. Lakini zaidi ya miaka mia moja kabla mitambo haijafika, njia ya misafara kutoka Tabora kwenda ziwani ilikatiza nchi ya Msalala. Mwingereza John Speke aliifuata mwaka 1858 alipokuwa akilitafuta ziwa. Hakuigundua yeye. Alikuta imekwisha kukanyagwa na babu zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, walioshuka pwani na pembe za ndovu mabegani wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mwisho wa safari yao ya kushuka ulikuwa Bagamoyo, na ng'ambo ya Bagamoyo ni Unguja.

Mtu aliyelisimamia lile paa la Mkunazini aliwafahamu watu hao kiasi cha kuandika juu ya lugha yao. Mwaka 1871, kabla hajawa askofu wala hajaweka jiwe lolote, Edward Steere alichapisha kitabu cha msingi wa Kinyamwezi kama kinavyosemwa Unyanyembe. Maana yake ni kwamba Unguja ya wakati ule ilikuwa na Wanyamwezi wa kutosha kumfundisha mgeni. Ndiyo sababu naona kanisa hili si la Wazanzibari peke yao, wala si la Waanglikana peke yao.

Lakini tulielewe kwanza hilo paa.

Huko Ulaya, kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi, waashi waliokuwa wamejifunza kwa kutazama magofu ya Warumi walianza kuyaacha mapaa ya mbao, ambayo yalikuwa yanaungua mara kwa mara, wakafunika makanisa yao kwa mawe. Mtindo wao huitwa Kiromaneski. Alama yake kubwa ni tao la nusu duara lililorefushwa hadi likawa dari zima. Ubaya wa tao la namna hiyo ni kwamba uzito wake haushuki chini tu. Husukuma kuta kuelekea nje, mchana na usiku, kwa miaka yote ambayo jengo lipo. Kwa hiyo kuta zilijengwa nene kupita kiasi, madirisha yakawa madogo na ndani kukawa na kiza. Anayefika Toulouse, kusini mwa Ufaransa, ataliona jambo hilo katika kanisa la Saint-Sernin, ambalo madhabahu yake iliwekwa wakfu mwaka 1096. Waliofuata baadaye, wajenzi wa Kigothi, walilichongoa tao kwa juu na kuzipa kuta mihimili ya nje, wakaweza kufungua madirisha makubwa.

Wakati Saint-Sernin inajengwa, pwani yetu haikulala. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya kibla yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulioanzishwa karne ya 11 au ya 12 ulipanuliwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na nyongeza hiyo ikafunikwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Fedha ya kazi ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye dhahabu iliyochimbwa bara, nyuma ya Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Sisi tunaoishi kando ya mashimo ya dhahabu tunapaswa kulitafakari hilo: dhahabu ya watu wa bara wa karne ya 14 iliacha kuba ambazo dunia nzima inakwenda kuzitazama, ila ziko kwa waliofanya biashara yake. Waliochimba hawakuachiwa hata jina.

Nyongeza hiyo ya msikiti wa Kilwa ilianguka, ikajengwa upya karne ya 15. Kwa hiyo watu wa Unguja waliotikisa vichwa walipoona tao la Mkunazini hawakuwa wajinga. Tao la mawe ni kitu kinachoanguka kweli.

Historia ya mahali penyewe inafahamika na nitaipita haraka. Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Katika miaka ya 1860, wastani wa watu karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa kwenye forodha ya Unguja, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa Kivinje. Waliotoka kwetu walikuwa wachache zaidi, maana Mnyamwezi wa wakati ule alifika pwani akiwa mpagazi wa ujira au mfanyabiashara, na lazima tuseme ukweli kwamba wapo machifu na wafanyabiashara wa kwetu waliouza watu wenzao. Juni 5, 1873, chini ya shinikizo la Uingereza na balozi wake John Kirk, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko yote ya watumwa. Soko la Mkunazini likafa siku hiyo. Utumwa wenyewe haukufa: ulipoteza uhalali Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Kiwanja kikapatikana mara moja. Sehemu yake ilinunuliwa na padri kijana, Arthur Nugent West, kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Mhindu akatoa ardhi kwa kanisa, katika mji wa Waislamu, palipokuwa soko la watumwa. Jina la Jairam Senji linastahili kutajwa zaidi kuliko linavyotajwa. West hakuona kuta zikipanda; alifariki mwaka uliofuata.

Misheni iliyojenga iliitwa UMCA, na ilikuwa Unguja tangu mwaka 1864, alipofika Askofu William Tozer akiwa na Steere. Tozer aling'atuka mwaka 1873. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu Agosti 1874, huko London, akarudi mwaka 1875. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa sheria aliyejifunza uchapaji, lugha na useremala kwa jinsi kazi ilivyomlazimisha. Michoro ya kanisa ilitoka kwa msanifu wa London, C. F. Hayward, lakini aliyepanda jukwaani kila alipokuwapo mjini, akapima na kusimamia, ni askofu mwenyewe. Vitabu viwili ambavyo karibu kila mwandishi hutegemea, kumbukumbu za maisha ya Steere zilizoandikwa na R. M. Heanley mwaka 1888 na historia ya UMCA ya Anderson-Morshead ya mwaka 1897, vinampa askofu sifa hiyo bila kubana. Anastahili. Lakini askofu mmoja habebi matumbawe ya kanisa kuu, na hilo nitalirudia.

Mtu aliyejenga Mji Mkongwe alifuata sheria moja isiyoandikwa: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Boriti zililetwa kutoka mikoko ya mwambao na zilitosha kuvuka mita tatu au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Unguja ni virefu na vyembamba, hata katika majumba ya matajiri. Juu ya boriti fundi alipanga vipande vya matumbawe, akamwaga chokaa, wakatwanga mpaka sakafu ikashikana. Kwa nyumba, inafaa sana. Kwa kanisa kuu linalotakiwa kukusanya mamia ya watu chini ya paa moja bila msitu wa nguzo katikati, boriti ya mkoko haifiki.

Kuagiza mbao ndefu kutoka nje kulikuwa na gharama, na mchwa wa Unguja hawachagui mbao ya Mzungu wala ya Mswahili. Steere aliamua kufanya waliyofanya waashi wa Kiromaneski miaka 700 nyuma yake, kufunika ukumbi wote kwa tao la nusu duara, lakini badala ya mawe yaliyochongwa atumie zege. Kokoto ilikuwepo bila kikomo: matumbawe. Aliponda matumbawe, akayachanganya na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli.

Fundi yeyote wa Kahama atakayesoma hapa atauliza mara moja kuhusu nondo. Nondo ndani ya zege hazikuwa desturi ya ujenzi wakati ule. Tao linabebwa na umbo lake, na kuta zinazolipokea pande zote mbili. Zilifungwa mbao za fomu zenye mviringo, ukumbi mzima, juu kabisa, na vibarua wakapandisha zege karai kwa karai. Zege likamwagwa, likasubiriwa likauke. Kisha ukaja wakati ambao fundi yeyote huuogopa, wa kuvua mbao.

Watu waliokuwa wametabiri maafa walikuwa na sababu zao. Hapakuwa na jengo la namna hii kisiwani la kulinganisha nalo. Wafanyakazi wengi walikuwa wanajifunza kazi papo hapo. Msimamizi alikuwa mwanasheria. Na wakati kuta zinapanda, Aprili ya mwaka 1872 ilikuwa bado haijasahaulika, pale kimbunga kilipopiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kuangusha mikarafuu kwa maelfu. Mji ulikuwa na kumbukumbu mbichi ya mapaa kuruka.

Mbao zikavuliwa. Tao likakaa. Ibada ya kwanza ilikuwa imefanyika Krismasi ya mwaka 1877, kazi ikiwa bado haijaisha, na mwaka 1880 jengo likahesabiwa kuwa limekamilika. Katika yote yaliyoandikwa juu ya mafanikio ya misheni hii, shule zake, mitambo ya uchapaji, vijiji vya walioachwa huru Mbweni na Masasi, naliweka paa hili juu kabisa. Vitu vingine vilihitaji imani ya waliokuwa tayari wanaamini. Paa hili lilihitaji hesabu iliyo sahihi, na mikono iliyofuata hesabu hiyo bila kukosea.

Mikono ya nani? Hapa ndipo vitabu vinapoanza kusema kwa sauti ya chini. Tunaambiwa walikuwa mafundi na vibarua wa mjini, wakiwemo watu waliokuwa wameachwa huru, baadhi yao huenda walisimamishwa kuuzwa katika uwanja uleule waliokuwa wanaujenga. Majina hayakuandikwa. Tunalo jina la msanifu, la askofu, la padri aliyenunua kiwanja, la tajiri aliyekitoa, na hata la bibi aliyetoa mapambo ya vigae madhabahuni, Caroline Thackeray, mwalimu wa wasichana wa Mbweni na binamu wa mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Jina la fundi mwashi hata mmoja silioni popote katika masimulizi haya. Mafundi wamebakiziwa kisa kimoja tu, nacho ni cha kuwacheka.

Kisa chenyewe ni cha nguzo. Upande wa magharibi wa kanisa, karibu na kisima cha ubatizo, kuna nguzo 12 zilizosimamishwa kichwa chini, kitako kikiwa juu. Kila mgeni huonyeshwa. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini Uingereza, mafundi hawakujua upande gani ni wa juu, na aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Watalii hucheka na kupiga picha.

Mimi kisa hiki kinanikera. Nguzo iliyopinduliwa bado inabeba. Kama mafundi hao walikuwa hawajui kichwa na kitako cha nguzo ya Kizungu, ambayo hawakuwahi kuiona maishani, ni jambo la kushangaza? Nguzo za majumba na misikiti waliyoijua wao hazikuwa na mapambo ya aina hiyo. Waliletewa jiwe lililochongwa kwa desturi ya nchi nyingine, wakalisimamisha wima, likashika uzito, na limeushika kwa karibu miaka 150. Watu haohao ndio waliopandisha zege la lile tao. Inakuwaje kosa la nguzo 12 liwe lao, na ushindi wa paa zima uwe wa askofu? Anayeongoza wageni Mkunazini akianza na paa kabla ya nguzo, atakuwa amewatendea haki watu wa kale ambao hakuna mwingine wa kuwatetea.

Saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash. Inaelezwa kwamba aliweka sharti: mnara wa kanisa usizidi kimo cha Beit al-Ajaib. Sultani Mwislamu alitoa saa kwa kanisa lililojengwa juu ya soko alilolazimishwa kulifunga, akalinda heshima ya jumba lake, na askofu akaona ni haki. Walijua kuishi mji mmoja.

Ukiingia ndani utaona msalaba wa mbao uliochongwa kutoka mti ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1, 1873. Mwili wake ulipita kwetu, au karibu na kwetu: watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba kwa miguu mpaka Unyanyembe, wakateremka nao Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Kuna vioo vya rangi vinavyowakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa. Kuna kinanda cha kampuni ya Henry Willis. Mbele ya madhabahu, duara la marumaru sakafuni huonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi, ulikuwa mti wa kuchapia watumwa. Steere mwenyewe amelala nyuma ya madhabahu. Alifariki Agosti 1882 akiwa na miaka 54, hajaona kanisa hilo likiwekwa wakfu, jambo lililofanyika mwaka 1903.

Kabla hajafa, mwaka 1879, alimpa ushemasi John Swedi. Swedi alikuwa mmoja wa watoto watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864. Mtoto aliyekuwa bidhaa akawa mhudumu wa madhabahu mahali palipouzwa wenzake. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akawa padri. Sioni kwa nini vijana wetu wa sekondari wanayajua majina ya Speke na Stanley na hawayajui hayo mawili.

Kuna ugomvi wa karibu zaidi ambao hauwezi kukwepwa na mtu anayejali mahali hapa. Kando ya kanisa lipo jengo lililokuwa hospitali ya misheni, Mtakatifu Monika, ambalo baadaye likawa nyumba ya wageni. Chini yake kuna vyumba viwili vya giza, vyenye dari la chini, ambamo mtu mzima hawezi kunyooka. Kwa miaka mingi watalii wameingizwa humo wakaambiwa: hapa ndipo watumwa walipofungwa kabla ya kuuzwa, wakafa kwa kukosa hewa. Watu hutoka wakilia.

Baadhi ya wanahistoria wa Zanzibar wamelipinga hilo kwa hoja nyepesi kueleweka: jengo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Vyumba vilivyo chini ya jengo la wamisionari vitakuwaje gereza la watumwa wa kabla ya wamisionari? Wanasema ni stoo za hospitali. Upande wa pili hujibu kwamba huenda vyumba vilikuwepo na misheni ikajenga juu yake, au kwamba hata kama si vyumba vyenyewe, vinatoa picha ya mateso yaliyokuwepo kweli mjini.

Hoja ya tarehe ina nguzo imara, na hiyo nyingine naiona ya hatari. Uovu wa soko la Mkunazini hauhitaji kuongezewa chumba. Lilikuwa soko la wazi, mchana kweupe, watu wakikaguliwa meno na misuli mbele ya wapita njia. Siku mtalii mmoja atakapogundua kwamba alilia katika stoo ya hospitali, ataanza kutilia shaka na yale ambayo ni kweli, na wapo wanaongoja nafasi hiyo ili waseme biashara nzima ilitiwa chumvi na Wazungu. Maonyesho kuhusu biashara ya watumwa yaliyofunguliwa katika jengo hilo mwaka 2016, pamoja na ukarabati wa kanisa uliosimamiwa na World Monuments Fund kwa fedha za Umoja wa Ulaya, yameipa historia hiyo maelezo yenye ushahidi. Waongoza wageni wayafuate hayo.

Nje, sanamu za watu waliofungwa minyororo, ndani ya shimo, zilichongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Sweden. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Baina ya hapo na uhuru kuna miaka mingi ambayo jengo liliachiwa chumvi ya bahari, mvua za masika na sadaka ya waumini wachache, na vitabu havina mengi ya kusema juu yake. Wanaopenda kulinganisha hutaja pia kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, lililojengwa na Wafaransa katika miaka ya 1890 kwa sura ya Kiromaneski iliyo wazi zaidi. Ni zuri, na minara yake huonekana kutoka baharini. Ila lilijengwa na watu waliokwisha kuona kwamba tao la namna hiyo linasimama Unguja. Mkunazini ndiko walikothubutu kwanza.

Kanisa lililofunikwa kwa matumbawe halijitunzi. Chumvi hula chokaa, maji yakipata ufa huingia ndani ya zege, na tao lisilo na nondo halitoi onyo refu. Yaliyoipata Beit al-Ajaib yametuonyesha kwamba jengo linaweza kuanguka hata siku lilipokuwa linahudumiwa. Fedha za Ulaya za ukarabati ule si za milele. Serikali inayokusanya mapato ya utalii kwa picha ya mji huo iweke bajeti ya kudumu ya ukaguzi wa paa la Mkunazini, mwaka hadi mwaka, na matokeo yatangazwe.

Na huku kwetu kuna la kufanya. Ushirombo, mwendo mfupi kutoka migodini, wamisionari wa Kanisa Katoliki walifika mwaka 1891. Msalala nayo iliwahi kuwa kituo cha wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1880. Kila parokia na usharika wa zamani kutoka Kahama hadi Geita una jengo ambalo mtu fulani alichoma matofali yake, akabeba mawe yake, akapanda jukwaani. Mapadri na wachungaji wa kigeni waliosimamia kazi hizo wameandikwa katika shajara na ripoti. Wajukuu wa mafundi bado wapo, na baadhi yao wanajua babu alijenga upande upi na alilipwa nini. Walimu wa historia wa Kahama, Bukombe, Msalala na Geita, watumeni wanafunzi wenu wakawaulize likizo hii. Mapadri na wachungaji, yapateni majina hayo myaandike katika vitabu vya parokia, pembeni ya jina la askofu.